Chuma na vitamini kwenye biskuti: unga wa kiwandani, ganda la mafuta, ganda la wanga au krimu?

Mwokaji wa Dodoma anayetaka biskuti, skonsi au keki zake ndogo zisaidie watoto na akina mama wenye upungufu wa damu hukutana na njia nne, na kila muuzaji anaisifu ya kwake. Kuna wanaosema unga wa ngano uliokwisha kurutubishwa unatosha. Wengine wanauza chuma kilichofunikwa kwa mafuta, au vitamini A iliyofungwa ndani ya chembe za wanga. Wapo pia wanaoshauri virutubishi visiingie kwenye oveni kabisa, vipakwe kwenye krimu baada ya kuoka. Njia zote nne zinafanya kazi. Tofauti iko kwenye nini kinalindwa, dhidi ya nini, na kama vifaa ulivyonavyo vinaweza kupima kiasi kinachotakiwa.

Hapo kwenye kulinda ndipo wengi wanapochanganya mambo. Vitamini A na vitamini C huharibiwa na joto, hewa na mwanga, kwa hiyo ganda lake linailinda vitamini dhidi ya oveni na stoo. Chuma ni madini, hakiungui. Uoke biskuti mpaka iwe mkaa, chuma chote kitabaki humo. Ganda la chuma kazi yake ni kuilinda biskuti dhidi ya chuma chenyewe: isipate ladha ya kutu, isiwe ya kijivu, mafuta yasichache. Ukilielewa hilo, utaona kwamba ganda la mafuta na ganda la wanga hayashindani. Kila moja lina kazi yake.

Vigezo vya kulinganisha

Tutazipima njia zote kwa mambo haya: zinavyovumilia donge na joto, zinavyobadilisha ladha na rangi, mwili unavyofyonza kinachobaki, ugumu wa kupima na kuchanganya, utunzaji kwenye hali ya hewa ya huku kwetu, na anayefaidika nazo. Bei hatukuiweka kwa shilingi kwa sababu hubadilika kwa kila mzigo, lakini suala la ukubwa wa kifungashio, ambalo mara nyingi huumiza kuliko bei, tumelieleza.

Ili ulinganisho uwe wa haki, chukua chungu kimoja cha mfano, yaani mchanganyiko wa mkupuo mmoja wa kuoka: unga wa ngano kilo 5, unga wa mtama mweupe kilo 5, sukari kilo 3, majarini kilo 2.5, maziwa au maji lita 1.8, beking pauda na chumvi gramu 150 kwa pamoja. Zikikauka vizuri kwenye oveni utapata biskuti kama kilo 15. Lengo letu ni kwamba gramu 50 za biskuti, yaani tano za gramu 10, zimpe mlaji miligramu 3 za chuma na mikrogramu 100 za vitamini A. Ni lengo la kiasi. Kiwango cha rejea cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa siku ni miligramu 14 za chuma pale mlo unapofyonzwa vizuri (22 unapofyonzwa vibaya) na mikrogramu 800 za vitamini A. Biskuti ni kitafunwa, isigeuzwe dawa.

Kwa chungu kizima, basi, tunahitaji miligramu 900 za chuma. Soma mfuko wa unga wa ngano kwanza. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga wa ngano viwandani mwaka 2011, kwa hiyo unga wa kiwandani unapaswa kuwa tayari na chuma. Tuseme mfuko wako umeandikwa miligramu 30 kwa kilo: kilo 5 zitaleta miligramu 150, na unabaki na 750 za kuongeza. Unga wa mtama uliosagwa kwenye mashine ya mtaani uhesabu kuwa haujaongezwa kitu, isipokuwa mashine hiyo imefungwa dosifaya (kifaa cha kudondoshea virutubishi kwenye unga) na mwenyewe anakuonyesha primiksi (mchanganyiko wa virutubishi) anayotumia. Chuma cha asili kilichomo kwenye mtama usikitegemee, maana sehemu kubwa imeshikwa na faiteti, kiambata cha asili cha nafaka, na haifyonzwi.

Njia ya kwanza: unga uliorutubishwa, na chuma kisicho na ganda

Chuma kinachotumika zaidi hapa ni kile cha EDTA (chuma kilichofungwa na kiambata kinachokikinga kisishikwe na vingine), ambacho kwenye karatasi za primiksi huandikwa NaFeEDTA. Kina asilimia 13 ya chuma. Ukiishia kwenye unga wa kiwandani peke yake, chungu chetu kitampa mlaji nusu miligramu ya chuma kwa gramu 50. Ukioka kwa ngano tupu atapata miligramu 1. Ni kidogo, lakini kipo, na wewe hukupima chochote.

Kwenye donge na oveni hakina tatizo. Hakihitaji kulindwa dhidi ya joto, na kinatulia kwenye unga wa ngano kwa miezi. Foliki asidi iliyomo kwenye unga huo hupungua kiasi inapookwa, na mwanga wa jua huimaliza haraka zaidi, kwa hiyo unga usiumwage juani "ukauke".

Ladha yake ni nafuu kuliko ya salfeti ya chuma, aina nyingine ya chuma cha kuongeza, isiyo na ganda. Rangi ni suala jingine. Kwenye keki nyeupe, ukiongeza zaidi ya kilichomo kwenye mfuko, keki inaweza kuwa ya njanonjano au kijivu kidogo. Kwenye mtama mwekundu wenye ukakasi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tanini (kinacholeta ukakasi huo) na chuma vikikutana kwenye maji hutoa weusi ule ule wa wino. Mteja atadhani biskuti imeungua. Tumia mtama mweupe usio na tanini kama Macia au Tegemeo. Mbegu hizi zinalimwa huku kwa miaka mingi, na kwenye magunia ya sokoni punje nyeupe utazitambua kwa macho.

Mwilini ndipo njia hii inapoongoza. Faiteti za mtama, uwele na ngano isiyokobolewa hushika chuma cha salfeti kabla hakijafyonzwa. EDTA hukizuilia chuma kisishikwe, na kwenye vyakula vya aina hiyo kinaweza kufyonzwa mara mbili hadi tatu zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaikubali NaFeEDTA peke yake kwa unga usiokobolewa sana. Ina mpaka wake, hata hivyo. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kiwango cha miligramu 0.2 za chuma hiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anafika ukomo kwa miligramu 3, yaani biskuti tano za lengo letu, kabla hujahesabu ugali wa sembe iliyorutubishwa aliokula mchana. Kwa watoto wadogo usijaze chuma chote cha lengo kwa EDTA.

Kupima: ukitaka kufikia lengo zima kwa njia hii, miligramu 750 ni gramu 5.8 za NaFeEDTA. Stoo yake ni rahisi: pakavu, chombo kifungwe, basi. Inamfaa anayeoka kidogo kidogo, asiye na mizani nzuri, na anayeoka kwa nafaka nzima.

Njia ya pili: chuma chenye ganda la mafuta

Hapa punje ya salfeti ya chuma au fumareti ya chuma imepakwa mafuta magumu ya mawese au soya, yanayoyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 50 na 70 kutegemea aina. Kwa kawaida karibu nusu ya uzito ni ganda. Salfeti kavu ina chuma karibu asilimia 32, kwa hiyo ikifunikwa nusu kwa nusu inabaki asilimia 16. Usikisie, soma karatasi ya mzigo, maana kuna yenye ganda nene zaidi.

Ganda hili linayeyuka kwenye oveni. Ni kweli, na hilo halilifanyi kuwa bure. Kazi yake kubwa iko kabla ya hapo, wakati unga mkavu umekaa stoo na wakati donge bichi lina maji, mafuta na hewa, hasa donge la hamira linaloumuka saa nzima au mbili. Linapoyeyuka, biskuti inakaribia kukauka, na chuma kinakosa maji ya kukisambaza. Katika biskuti kavu linafanya kazi vizuri sana. Katika keki laini inayobaki na unyevu, faida yake inapungua.

Watu huliharibu wenyewe kwenye bakuli. Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kuweka chuma wakati wa kupiga majarini na sukari: punje za sukari hufanya kazi ya msasa na kulikwangua ganda. La pili ni majarini iliyoyeyushwa jikoni na kumiminwa ikiwa bado ya moto, au maziwa yaliyotoka kuchemka. La tatu ni mashine ya kukandia inayozungushwa kwa kasi dakika kumi. Utaratibu salama ni huu: majarini na sukari kwanza, kisha maziwa ya baridi, na mwisho unga ambao chuma kimeshachanganywa ndani yake, kisha ukande kwa kasi ndogo mpaka donge lishikamane tu. Kwenye skonsi za hamira, chuma kiingie pamoja na unga na maji yawe vuguvugu la mkono, si zaidi.

Ladha na rangi ndiyo sababu ya kununua ganda hili. Tofauti huonekana zaidi kwa anayetumia mafuta ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani, yale ya kukamua yanayotoka Singida, Kongwa na Mpwapwa. Alizeti ya kawaida ina mafuta ya linoleki kwa wingi, na haya huungana na hewa haraka. Chuma kikiwa wazi ni kama petroli kwenye moto. Biskuti iliyotoka nzuri Jumatatu inaweza kunuka mafuta yaliyochacha ndani ya wiki mbili au tatu za joto la Oktoba, ilhali pakiti isiyo na chuma iliyo kando yake bado nzima.

Usiamini maneno ya muuzaji wala yetu, jaribu. Oka vyungu vitatu vidogo kwa mafuta yako mwenyewe: kimoja bila chuma, kimoja chenye salfeti isiyo na ganda, kimoja chenye ganda. Weka biskuti kumi za kila kundi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, andika namba chini ya chupa ili anayenusa asijue ni ipi, kisha ziweke sehemu yenye joto, mathalani juu karibu na dari la bati. Fungua kila baada ya siku tatu, nusa mara tu kifuniko kinapotoka, na mpe mtu mwingine anuse bila kumwambia kitu. Harufu ya kwanza huwa ya rangi ya mafuta au majani makavu. Uchachu unakuja baadaye. Chupa yenye ganda ikichacha siku zile zile na isiyo na ganda, ganda lako limevunjika kwenye kukanda au ulinunua mzigo mbovu.

Vidoa ndiyo kasoro ya ganda hili. Kila punje huyeyuka mahali pake na kuacha kidoa cha kahawia, wakati mwingine cha kijani kibichi. Kwenye biskuti ya mtama au ya kakao hakionekani. Kwenye keki ya vanila wateja watauliza ni nini. Fumareti ni nyekundu ya kahawia tangu mwanzo, kwa hiyo ni ya biskuti zenye rangi tu.

Mwilini, mafuta ya ganda humeng'enywa na chuma kinafyonzwa karibu sawa na salfeti ya kawaida, mradi ganda si nene kupita kiasi. Lakini "sawa na salfeti" kwenye mtama wenye faiteti maana yake ni kidogo. Kuloweka mtama usiku kucha na kuuotesha kuwa kimea kabla ya kusaga hupunguza faiteti, na hapo njia hii inapata nguvu. Pia nafasi ya vitamini C inakuwa kubwa. Tutairudia kwenye krimu.

Kupima: miligramu 750 za chuma ni gramu 4.7 za chuma chenye ganda la asilimia 16. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakuonyesha 4 au 5. Nunua ile ndogo inayosoma gramu 0.01, ya aina wanayotumia masonara na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tia gramu 4.7 kwenye chupa yenye gramu 50 za unga, tikisa, usisugue. Mimina kwenye gramu 500 za unga, changanya. Ndipo uende kwenye unga wote. Ukizitupa gramu 4.7 moja kwa moja kwenye kilo 10, biskuti moja itabeba punje nyingi na nyingine haitapata hata moja.

Stoo: kwa joto la kawaida la Dodoma ganda linavumilia. Buti la gari lililofungwa juani ni habari nyingine, na vivyo hivyo katoni iliyoachwa stendi mchana kutwa. Ganda la nyuzijoto 52 likilainika, punje hushikana kama sukari guru na hazitachanganyika tena. Uliza kiwango cha kuyeyuka kabla ya kulipa, na kwa huku chagua cha 60 kwenda juu.

Halafu kuna katoni. Mzigo wa viwandani mara nyingi huja kwa kilo 20 au 25. Kwa gramu 4.7 kwa chungu, kilo 20 ni zaidi ya vyungu 4,200: ukioka chungu kimoja kila siku bila kupumzika, miaka zaidi ya 11. Chuma chenyewe hakitadumu hivyo. Mwokaji mmoja mdogo hapaswi kununua katoni. Kikundi cha waokaji kumi na tano waliojiunga kupitia SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo), au mwenye mkataba wa kupeleka shule kadhaa, wanaweza.

Inamfaa anayeuza biskuti kavu zinazokaa dukani zaidi ya wiki mbili, anayetumia alizeti, na mwenye wateja wanaolalamikia ladha ya chuma.

Njia ya tatu: vitamini yenye ganda la wanga, gundi au jelatini

Vitamini A ya unga mkavu hutengenezwa kwa kuinyunyiza pamoja na wanga uliorekebishwa, gundi ya mgunga au maltodekstrini kwenye hewa ya moto, ikakauka kuwa chembe ndogo. Aina inayopatikana sana ina vipimo 250,000 vya kimataifa kwa gramu, yaani miligramu 75 za retino, ambayo ndiyo vitamini A yenyewe.

Ganda hili huyeyuka kwenye maji. Ulinzi wake mkubwa, kwa hiyo, ni kwenye kopo na kwenye unga mkavu. Ukilichanganya na maziwa asubuhi ukaoka jioni, umelivua nguo mapema. Liingie na unga mkavu, na donge lisikae. Biskuti yenye maji kidogo huiacha salama kuliko donge tepetepe la keki, ila biskuti ni nyembamba na joto linaipenya yote, wakati katikati ya keki au skonsi haizidi sana nyuzijoto 100. Mambo haya mawili karibu yanafutana. Weka ziada ya asilimia 30 kufidia hasara na usihangaike zaidi. Oveni ya mkaa inayounguza chini huku juu pabichi itakuharibia hesabu kuliko aina ya ganda.

Zipo pia chembe za jelatini iliyogandishwa, ambazo haziyeyuki kwa maji na huvumilia zaidi. Kwa hizo, omba cheti cha chanzo cha jelatini kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni ya nguruwe, wateja wako Waislamu hawatakula, na ukiificha utapoteza soko lote, na ni haki. Zipo za ng'ombe na za samaki.

Ladha na rangi: karibu hakuna, labda umanjano kidogo. Ikizeeka ndiyo hutoa harufu ya nyasi kavu. Mwilini inafyonzwa vizuri ikiwa biskuti ina mafuta, na zetu zinayo.

Kupima ndiko kunakokata tamaa. Chungu chetu kinahitaji miligramu 30 za retino, na pamoja na ziada 39, ambazo ni gramu 0.52 za unga wa vitamini kwa kilo 10 za unga. Tengeneza mchanganyiko wa awali: gramu 5.2 za vitamini na gramu 94.8 za wanga wa mahindi, zitikiswe kwenye kopo lisilopenya mwanga. Kila chungu kinapata gramu 10 za mchanganyiko huo. Tengeneza wa mwezi mmoja tu, na uandike tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Stoo: joto na mwanga ni adui, unyevu pia. Ukavu wa Dodoma kati ya Mei na Novemba unasaidia. Mvua zikianza Desemba, kopo lililoachwa wazi hushika unyevu na kugandana. Weka pa baridi, si juu ya oveni. Biskuti zenyewe zisiwe kwenye nailoni angavu zikaanikwa juani mnada wa Msalato, maana kinachopotea hapo kinaweza kuzidi kilichopotea kwenye oveni.

Jiulize pia kama vitamini A ndiyo inayokosekana. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya mafuta ya kula ya viwandani yameongezwa. Familia inayotumia alizeti ya kukamua haipati hiyo ya kwenye mafuta. Njia hii inamfaa anayejua wateja wake wako kwenye kundi hilo, na aliye tayari kupima kwa makini. Asiye na mizani ya 0.01 asiiguse: vitamini A ikizidi hujilimbikiza mwilini, na kwa mjamzito kuzidisha ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwake yeye na kwa mkulima mwenye bustani, viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa na kupondwa, vikichukua theluthi ya uzito wa unga kwenye skonsi, huleta karotini bila hofu ya kuzidisha.

Njia ya nne: kuweka baada ya kuoka

Biskuti mbili, krimu katikati. Hakuna oveni, kwa hiyo hasara ya joto ni sifuri na hata vitamini C inaishi. Kwa gramu 10 za krimu kwa mlaji zenye mikrogramu 100 za vitamini A, kila kilo ya krimu inahitaji kama gramu 0.16 za unga wa vitamini pamoja na ziada ya stoo. Tengeneza mchanganyiko wa awali kwa sukari laini: gramu 1.6 kwenye gramu 98.4, kisha gramu 10 za huo kwa kila kilo ya krimu. Krimu ikiwa imepoa chini ya nyuzijoto 40.

Ladha iko mikononi mwako, na hapa ubuyu unaingia vizuri. Chuma usikiweke kwenye krimu yenye ubuyu: asidi, mafuta na chuma vikikaa pamoja vinachacha na kuleta ladha ya sarafu. Kiache kwenye biskuti, krimu ibebe vitamini. Ubuyu una vitamini C nyingi, na vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma cha salfeti, lakini tufanye hesabu kwa uaminifu. Miligramu 3 za chuma zinataka karibu miligramu 19 za vitamini C. Krimu ya gramu 10 inabeba gramu 3 za ubuyu, yaani kama miligramu 5 hadi 9. Haitoshi. Glasi ya juisi ya ubuyu uliolowekwa bila kuchemshwa, kwa gramu 20 za unga wake, inafika na kupita. Chai ya rangi inafanya kinyume: ikinywewa na biskuti hukata ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kama unauza shuleni, uza na juisi.

Kupima kuna mtego mmoja, mkono. Anayepaka kwa kisu ataweka gramu 2 hapa na 4 pale, na mtoto mmoja atapata mara mbili ya mwenzake. Tumia mfuko wa kukamulia krimu na upime biskuti kumi kwa pamoja kila baada ya nusu saa.

Stoo: krimu ya mafuta laini huvuja mwezi Oktoba. Chagua mafuta ya kuyeyukia nyuzijoto 36 hadi 38, na upeleke asubuhi. Inamfaa mwenye wasaidizi, soko la mjini, na mauzo ya siku chache. Haifai kusafirishwa kwa bodaboda hadi Chemba.

Visivyohitaji ganda

Usilipie ganda la zinki. Oksidi ya zinki haina ladha, ni rahisi na haiogopi joto. B12 na foliki asidi kwa viwango hivi pia huongezwa bila ganda, ukiongeza kidogo kwa hasara. Vitamini B1 huangamizwa na donge lenye soda nyingi ya kuokea au magadi, na hakuna ganda la bei nafuu litakalokuokoa. Punguza soda.

Kwa hali yako

Unaoka nyumbani, vyungu viwili kwa wiki, mizani ya jikoni tu: nunua unga wa ngano uliorutubishwa, changanya na mtama mweupe uliooteshwa, ongeza karanga au ufuta, uza na juisi ya ubuyu. Usiongeze primiksi yoyote kwa sasa.

Unapeleka biskuti kavu madukani Majengo na wilayani, zikakaa mwezi: chuma chenye ganda la mafuta, kununuliwa kwa pamoja na wenzako. Fanya jaribio la chupa tatu kabla ya kuagiza.

Unaoka kwa nafaka nzima kwa watu wazima, na biskuti zinaisha ndani ya wiki: NaFeEDTA isiyo na ganda itampa mlaji chuma kingi kuliko ganda lolote.

Una mkataba wa shule na mizani ya 0.01: chuma chenye ganda ndani ya biskuti, vitamini A ya ganda la wanga kwenye unga. Peleka sampuli maabara kabla ya kuandika chochote kwenye pakiti, na madai ya lishe yapitie TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO.

Wateja wako wengi ni watoto chini ya miaka mitano: punguza lengo la chuma hadi nusu, na uandike kwenye pakiti idadi ya biskuti kwa siku. Mzazi mwenye mtoto wa seli mundu, hasa anayeongezewa damu, mwambie aulize kliniki kwanza, na umuwekee pakiti isiyoongezwa chuma.